Gitaa la kwanza la umeme: pesa yako inakwenda wapi

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Nsambya, Kampala, alinifuata baada ya ibada, simu mkononi. Alikuwa na picha za magitaa manne, yote mekundu, yote ya umbo moja, lakini bei zake zilipishana kama mbingu na ardhi: la kwanza shilingi laki nne za Uganda, la mwisho zaidi ya milioni mbili. "Kaka, si ni kitu kimoja hiki? Huyu wa mwisho anauza nini cha zaidi?"

Swali hilo linastahili jibu refu, maana pesa inayozungumzwa ni ya mtu aliyeweka akiba miezi minane kwa kazi ya boda boda. Anayenunua shati la mitumba soko la Owino anajua kuligeuza ndani nje, akatazama mshono, ukosi na kwapa kabla ya kutaja bei. Gitaa nalo lina mshono wake. Shida ni kwamba wengi hatukufundishwa pa kutazama, kwa hiyo tunatazama rangi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Gitaa la kwanza lenye thamani ni lile linalokandamizika bila kuumiza vidole na linaloshika tuni hadi mwisho wa wimbo. Sauti tamu, jina la kampuni, aina ya mbao, vyote hivyo vinafuata nyuma. Nimewaona vijana wenye masikio mazuri kabisa wakiacha kupiga baada ya mwezi mmoja, wakiamini hawana kipaji, kumbe nyuzi zao zilikuwa zimepanda juu kama kamba ya kuanikia nguo. Linaniuma kila ninapolikuta, kwa sababu lingetatuliwa kwa bisibisi na nusu saa ya fundi.

Kuna dhana nyingine inayowapotosha wanaoanza. Wakubwa wengi humwambia mtoto aanze na gitaa kavu, azoee maumivu, ndipo ahamie la umeme. Kama moyo wake uko kwenye kadongo kamu, muziki wa Baganda ambao jina lake lenyewe linataja kigitaa kimoja tu, basi gitaa kavu ndilo lake. Lakini kama anachokitaka ni solo ya sebene ya Kikongo au rithimu ya kanisani, hana sababu ya kupita njia hiyo. Gitaa la umeme hufungwa nyuzi nyembamba zaidi, na nyuzi hukaa karibu zaidi na shingo. Uzi wa kwanza wa seti nyepesi ya kawaida una unene wa inchi 0.009, yaani kama milimita 0.23. Kwa vidole vya mwanafunzi, hilo ndilo gitaa jepesi kuliko yote.

Kinachotoa sauti

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unautikisa uga wa sumaku, na umeme kidogo mno unazaliwa ndani ya ule waya. Umeme huo ndio unaopita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, nayo inaukuza mpaka spika isukume hewa. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazina kazi hapa, na ndiyo maana mwili wa gitaa hili unaweza kuwa kipande kizito cha mbao kisicho na uwazi ndani.

Ukilielewa hilo, maneno mengi ya dukani yanapungua uzito. Mbao ya mwili ina mchango wake, lakini kwa mwanafunzi mchango huo ni mdogo kuliko wa pikapu, wa amplifaya, na wa mkono wake mwenyewe. Muuzaji akianza kukusifia mbao, msikilize kwa adabu, kisha urudi kwenye shingo.

Tofauti ya bei iko wapi

Magitaa mengi ya bei nafuu yameiga moja kati ya maumbo matatu yaliyozaliwa Marekani: Telecaster, iliyopewa jina hilo 1951, na Stratocaster ya 1954, zote za kampuni ya Fender, pamoja na Les Paul ya Gibson ya 1952. Fender walifunga shingo kwenye mwili kwa skrubu. Gibson waliigandisha kwa gundi kama maseremala wa zamani. Njia ya skrubu ni rahisi kiwandani, na ndiyo utakayoikuta kwenye sehemu kubwa ya magitaa ya laki kadhaa. Haina ubaya wowote.

Siku hizi mbao hukatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, kwa hiyo shingo ya gitaa la bei ndogo inaweza kuchongwa kwa usahihi ule ule wa gitaa la bei kubwa. Kiwanda hupunguza gharama kwenye mambo mawili. La kwanza ni vipuri: vigingi vya kukazia nyuzi, swichi, vitasa vya sauti, tundu la kebo. La pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni muda wa mkono wa binadamu. Freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zinahitaji kusawazishwa na ncha zake kupigwa tupa. Ile mifereji sita juu ya shingo, kwenye kipande kidogo cheupe ambacho mafundi hukiita nati, inahitaji kuchimbwa kwa kina kinachofaa. Shingo inahitaji kunyooshwa kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani yake. Kazi hizo humchukua mtu muda, na muda wa mtu ndio hukatwa kwanza bei inaposhuka.

Kwa hiyo magitaa mawili yaliyotoka kiwanda kimoja, wiki moja, kwa bei moja, yanaweza kutofautiana sana mkononi. Kununua kwa kutazama picha pekee ni kucheza bahati nasibu. Na gitaa la laki saba lililopita kwa fundi mzuri linaweza kupigika vizuri kuliko la milioni moja na nusu lililotolewa kwenye boksi jana.

Jina la kampuni nalo lina faida yake. Squier ni jina la Fender kwa magitaa yake ya bei nafuu. Fender waliinunua kampuni ya nyuzi ya V.C. Squier mwaka 1965, na tangu 1982 jina hilo limekuwa likiandikwa kwenye magitaa. Epiphone iko chini ya Gibson tangu 1957. Yamaha wana Pacifica, iliyoanza 1990, na toleo la Pacifica 112 limekuwa gitaa la kwanza la watu wengi duniani. Ibanez wana Gio. Cort ni jina la kampuni ya Cor-Tek ya Korea Kusini, ambayo kiwanda chake cha Surabaya, Indonesia, kimetengenezea kampuni nyingine nyingi magitaa yao. Unapolipia majina haya unalipia uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shingo iliyonyooka, na siku ukitaka kuuza, mnunuzi atapatikana bila maelezo mengi. Gitaa lisilo na jina linaweza kuwa zuri, nimekutana nayo, ila hapo jicho lako ndilo dhamana pekee.

Kadi mbili za benki

Nilimwambia kijana wangu twende dukani pamoja, na achukue kadi yake ya benki. Yangu ninayo. Alidhani nataka alipe kwa kadi.

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Mbili zikibebana ni kama milimita moja na nusu, tatu ni milimita 2.3. Hesabu freti kuanzia kwenye nati hadi ya 12, ile yenye alama mbili kwenye magitaa mengi. Hapo, bila kukandamiza kitu, tazama nafasi kati ya mgongo wa freti na tumbo la uzi. Uzi mwembamba ukiwa juu kwa kadi mbili hivi, na uzi mnene kwa kidogo zaidi ya hapo, vidole vitafurahi. Kadi tatu zikipita chini ya uzi mwembamba bila kuugusa, gitaa hilo limepandishwa mno. Usilikatae papo hapo, kwa sababu daraja, kile kipande cha mwilini kinachoshikilia nyuzi upande wa chini, linaweza kushushwa, lakini sasa una neno la kumwambia muuzaji.

Kisha shingo. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi ulionyooka sasa ni rula yako. Katikati, karibu na freti ya saba au ya nane, panapaswa kuwe na mwanga mdogo sana, unene wa kadi ya biashara hivi. Pakiwa na pengo kubwa, shingo imepinda kama upinde. Pasipo na mwanga kabisa, huenda imepinda kinyume. Fimbo ya ndani hurekebisha mengi ya hayo. Isichorekebisha ni shingo iliyojinyonga kama kitambaa kinachokamuliwa. Hiyo utaiona ukilitazama gitaa kutoka kichwani kuelekea chini, jicho moja limefumbwa, kama seremala anavyokagua ubao. Ukiiona, aga vizuri uondoke.

Nati ichunguze hivi: kandamiza uzi kwenye freti ya tatu, halafu tazama juu ya freti ya kwanza. Uzi unatakiwa uwe karibu kuigusa, kwa nafasi ya unywele. Ukiwa juu sana, kodi ya F, yaani noti za F zinazopigwa kwa pamoja, itakuwa mateso, na mwanafunzi atajilaumu mwenyewe. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye magitaa ya bei ndogo.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu na chini. Ncha za freti zikikukwaruza, mbao imekauka na kusinyaa, au tupa haikupita. Linatengenezeka.

Sasa piga. Nyuzi sita mara freti 22 ni sauti 132, na dakika tano zinatosha kuzipiga zote moja moja bila haraka. Sikiliza panapokufa sauti au panapotoa mlio wa nyuki. Muuzaji wetu alianza kukohoa tulipofika uzi wa nne. Tuliendelea. Kwenye uzi wa pili, freti ya 14, sauti ilizimika kama mshumaa; freti moja ilikuwa imeinuka kuliko jirani zake. Gitaa hilo lilikuwa la pili kwa bei kati ya yale manne, na ndilo lililokuwa linang'aa kuliko yote.

Mwisho, tuni. Programu ya bure ya kutuni kwenye simu inatosha. Tuni nyuzi zote, vuta kila uzi kwa kidole kama unayetaka kuurefusha, kisha pima tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo, hilo ni la kawaida. Rudia mara tatu au nne. Ikiwa bado zinakimbia, tatizo ni mfereji wa nati unaobana au vigingi vilivyolegea. Halafu pima uzi kwenye freti ya 12: ile sauti ya kengele inayotoka ukiugusa tu juu ya freti, na ile inayotoka ukiukandamiza, zinapaswa kuwa noti moja. Zikitofautiana, vijiti vya darajani husogezwa mbele au nyuma kwa bisibisi.

Muziki unaoupenda uchague pikapu

Pikapu ziko za aina mbili kuu. Ya koili moja, yaani zungusho moja la ule waya wa shaba, hutoa sauti angavu, yenye kukata, kila noti imesimama peke yake. Anayependa magitaa ya Kikongo, ule mtiririko wa sebene ambapo solo, mi-solo (gitaa la kati) na rithimu zinasukana bila kufunikana, ataisikia nyumbani hapo. Ubaya wake ni kwamba hunasa mvumo wa umeme, na kwetu mvumo huo ni wa hezi 50, sawa na umeme wa ukutani.

Aina ya pili, hambaka, ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950. Ni koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja ufute wa nyingine na sauti ya nyuzi ibaki. Sauti yake ni nene na yenye joto, inabeba vizuri roki na nyimbo nzito za kuabudu. Kwa mtu ambaye bado hajajua atapenda nini, napendekeza gitaa lenye hambaka moja karibu na daraja na pikapu mbili za koili moja juu yake. Pacifica 112 imepangwa hivyo, na wengine wengi wameiga.

Kuhusu daraja nitakuwa mfupi: lisilotikisika ndilo la kuanzia. Mkono wa kutikisia sauti unavutia, ila kwenye magitaa ya bei ndogo ni chanzo cha tuni kuyumba. Yale madaraja yanayoelea kwa springi, ambayo uzi mmoja ukikatika nyuzi nyingine zote tano zinapoteza tuni, mwache anayejua ayabebe.

Mitumba na bandia

Gitaa la mitumba linaweza kuwa ununuzi bora kuliko yote, maana mtu wa kwanza ameshabeba hasara ya upya. Fanya vipimo vile vile, ongeza kutazama kama freti zimechimbika chini ya nyuzi, na chomeka kebo uitikisetikise kwenye tundu. Vitasa vikikwaruza unapovizungusha, mara nyingi ni vumbi na husafishika.

Ila ukikuta gitaa jipya lililoandikwa Gibson kichwani kwa bei ya simu ya kawaida, hilo ni bandia. Kwenye Gibson halisi, kile kifuniko kidogo kichwani kinachoziba mlango wa fimbo hushikwa na skrubu mbili. Bandia nyingi zina tatu. Uchungu wa bandia ni kwamba umelipia jina ambalo halipo, na pesa ile ile ingekupa Squier au Cort ya kweli.

Umeme wetu na amplifaya

Gitaa lenyewe halichomekwi ukutani. Amplifaya ndiyo inayochomekwa, na hapa pesa nyingi huungua, kwa maana halisi ya neno. Uganda tunatumia volti 240. Marekani ni 120, Japani ni 100. Amplifaya ya mitumba iliyotoka huko ukiichomeka moja kwa moja utaiua. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujalipa, na kama inahitaji transfoma, weka bei ya transfoma kwenye hesabu.

La pili ni la usalama na naomba lisipuuzwe. Daraja la gitaa limeunganishwa na waya wa ardhini wa amplifaya, kwa hiyo mwili wako nao umeunganishwa. Plagi yenye pini tatu, ile ndefu ya juu ndiyo inayokulinda. Tumezoea kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kwa amplifaya ya gitaa usifanye hivyo, na usikate pini ya tatu. Waya wa ardhini usipokuwepo, unaweza kushika nyuzi, ukasogeza mdomo kwenye maikrofoni, ukapigwa na shoti. Kwenye mikutano ya nje, jenereta na waya za kuungaunga, muulize fundi wa umeme kabla hujapanda jukwaani.

Kwa chumba cha kupanga, wati 10 hadi 15 ni nyingi. Siku hizi kuna amplifaya ndogo zenye betri ya kuchaji, na vidude vya kuchomeka kwenye gitaa na kusikilizia kwa hedifoni. Umeme ukikatika saa mbili usiku, mwenye kidude hicho anaendelea na zoezi, na jirani wa ukuta wa pili analala.

Kanisani wengi huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mixa, kisha wanalalamika gitaa ni baya. Kosa si la gitaa. Pikapu ni dhaifu na inahitaji mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu moja, kama ulivyo kwenye amplifaya ya gitaa. Mlango wa laini wa mixa mara nyingi ni wa kiloomu kumi hivi, nao hunyonya ule mng'ao wa juu. Weka katikati kisanduku cha DI, kile kinachopatanisha ukinzani wa gitaa na wa mixa, au pedali ya efekti yenye kuiga amplifaya, usikie tofauti.

Kwa hiyo tuseme una milioni moja na laki mbili. Usiiweke yote kwenye gitaa. Laki saba na nusu gitaa, laki mbili na nusu amplifaya ndogo, na zinazobaki zigawe kati ya kebo nzuri, mkanda, seti mbili za nyuzi, na fundi. Fungu la fundi usiliguse hata kama kuna pedali inakuita. Fundi wa magitaa hana haja ya kuwa na kibao mlangoni. Mara nyingi ni yule mpiga solo wa bendi au wa kanisa ambaye wenzake wote humpelekea magitaa yao.

Kijana wetu aliliacha lile linalong'aa. Alichukua la laki saba, daraja lisilotikisika, rangi ya kahawia ambayo hakuipenda. Nati yake ilikuwa juu na tulilijua hilo tukiwa dukani. Muuzaji alipunguza elfu hamsini, tukampa fundi hizo hizo. Alichimba mifereji kwa tupa nyembamba, uzi mmoja mmoja, akipima kila mara kwa kukandamiza freti ya tatu na kuchungulia. Aliporudisha gitaa, kijana alikaa kwenye benchi la nyuma la kanisa, akapanga vidole kwenye freti ya kwanza, akapiga F. Nyuzi zote sita zililia.